Shajara ya mradi: kufufua pampu tatu za petroli za magari ya zamani

Hali ya mwanzo

Mezani kuna pampu tatu ambazo bado hazijaguswa na spana.

A: ya chapa ya AC ya Marekani, ya vyumba viwili, kimoja cha petroli na kingine cha kuvuta hewa ya kuendeshea waipa.
B: AC ya Uingereza, inayosukumwa na kemshafti (shafti ya injini yenye vinundu, yaani kemu), yenye kuba ya kioo juu.
C: ya umeme, chapa ya SU, aina ya AUF 300, iliyotoka kwenye gari la MGB.

Zote zinatakiwa zirudi kazini zikiwa na maganda yake ya asili, na zihimili petroli yenye ethanoli. Kununua pampu mpya iliyoigizwa hakumo kwenye mradi. Ya kuigiza mara nyingi huja na mkono (wenzo unaosukumwa na kemu) uliokunjwa tofauti kidogo na wa asili, na milimita moja inayopotea kwenye mkono ni hasara kubwa ikifika kwenye dayaframu, ile ngozi ya kitambaa na mpira inayovuta na kusukuma petroli.

Utambuzi

Anayetafuta vipuri kwa jina la gari atapotea. Watengenezaji walibadilisha pampu katikati ya mwaka, injini nyingi zimehamishwa gari hadi gari, na gari lile lile lilipata pampu tofauti kutegemea kama waipa zake zilikuwa za umeme au za kuvuta hewa. Kinachotafutiwa kipuri ni namba ya pampu.

AC za Marekani zina namba iliyogongwa kwenye flanji, ile inayokaa kwenye bloku ya injini. Grisi na rangi huificha, kwa hiyo flanji inasuguliwa kwa brashi ya shaba (ya chuma inachubua zinki), kisha chaki inapakwa na kufutwa ili tarakimu zisimame. Carter, chapa nyingine ya Marekani, nao hugonga herufi M ikifuatwa na tarakimu. Namba ya A imesomeka yote. B ina tarakimu mbili zilizoliwa na kutu nyeupe, kwa hiyo imebidi itambuliwe kwa vipimo:

- kipenyo cha nje cha dayaframu na idadi ya skrubu zinazoizunguka;
- urefu wa fimbo ya dayaframu, kutoka chini ya kisahani hadi kwenye mkato unaoshika kiungo;
- umbo la mkono: umekunjwa juu au chini, na uso wake unaogusa kemu ni mpana kiasi gani;
- mahali pa tundu la kuingizia na la kutolea, ukilinganisha na mkono.

Hilo la mwisho husahaulika sana. Nusu ya juu ya pampu inaweza kufungwa ikiwa imezungushwa kwa pembe kadhaa, na mabomba yakakataa kufika. Kabla ya kulegeza skrubu yoyote, mstari mmoja wa tupa unakatwa kwenye kingo za nusu zote mbili. Mstari wa kalamu utafutika kwenye kuosha.

Nyuzi za fitingi nazo zimepimwa. NPT (nyuzi za Marekani) ya 1/8 ina nyuzi 27 kwa inchi na BSP (za Uingereza) ya 1/8 ina 28. Kwa 1/4 ni 18 dhidi ya 19. Moja itaingia kwenye nyingine mizunguko miwili mitatu kisha ikaze, na ukilazimisha unapasua ganda la zinki. Geji ya nyuzi inatoa jibu bila ubishi.

Kutafuta vipuri na fundi

C ndiyo nyepesi kuliko zote. Burlen ya Salisbury, Uingereza, ndiyo inayoshikilia jina la SU na bado inatengeneza pampu na vipuri vyake, hivyo dayaframu, vali, pointi (vigusa vya umeme) na gasketi huagizwa kwa namba ya pampu. Kwa pampu za Marekani kuna mafundi waliobobea, Then and Now Automotive ya Massachusetts wakiwa miongoni mwao, wanaouza kiti (seti ya vipuri vya kufufulia) kwa namba ya AC au Carter na pia kufufua pampu unazowatumia. Vyama vya wenye magari ya aina moja vinasaidia pale namba isiposomeka, kwa sababu huko hupatikana mtu mwenye pampu nzima ya kulinganishia vipimo.

Kiti kamili ya pampu ya chumba kimoja ina dayaframu yenye fimbo yake, vali mbili, gasketi ya vali, gasketi ya kuba au bakuli, sili ya fimbo, pini ya mkono na vishikizo vyake, na gasketi ya flanji. Ya vyumba viwili ina dayaframu mbili na vali nne. Springi kwa kawaida haimo. Kiti inayotangazwa kuwa inafaa pampu zote za AC haifai kuagizwa hata kwa bei ya bure, maana fimbo za dayaframu zina urefu tofauti na sahani zinaweza kufanana kabisa kwa macho.

Kwa fundi wa mbali, maswali haya yanatangulia pampu kufungwa kwenye boksi:

Ganda langu ndilo litakalorudi, au nitapewa jingine? Kubadilishana kunaharakisha kazi, lakini unaweza kutoa ganda zima lenye namba sahihi ukapokea lililopinda flanji. Ganda ndilo kitu pekee hapa kisichotengenezwa tena, na kwa pampu adimu jibu lolote lisilo “lako litarudi” linamaliza mazungumzo.

Dayaframu ni ya kitambaa gani na imepakwa mpira gani? “Mpira wa kisasa” halijawa jibu. Tunataka kusikia Viton (mpira sugu kwa petroli), au nitrili ya daraja linalotajwa kuwa linahimili ethanoli.

Tundu la pini likiwa limekula, mnafanyaje? Jibu zuri linataja rima (kifaa cha kupanulia tundu) na bushi ya shaba nyeusi, au pini ya kipenyo kikubwa zaidi. Pini mpya ndani ya tundu lililokuwa umbo la yai haidumu zaidi ya wiki moja.

Mnapima nini kabla ya kurudisha? Yatajwe matatu: presha, kiasi cha mafuta kwa muda, na mvuto upande wa kuingizia, tena kwa tarakimu zilizoandikwa. Fundi anayesema “tunaijaribu” bila tarakimu anaizungusha mkono na kusikiliza tu.

Mnazifungua zilizokunjwa ukingo? Kuanzia miaka ya 1960 pampu nyingi za Marekani ziliacha skrubu, nusu mbili zikaunganishwa kwa kukunja ukingo wa bati. Zilikusudiwa kutupwa. Wapo wanaokata ukingo kwa mashine ya kukereza, wakabadilisha vya ndani na kuukunja tena. Kazi hiyo si ya jiliwa na nyundo nyumbani.

Usafirishaji: pampu ikaushwe kabisa na iachwe wazi mpaka harufu iishe, matundu yazibwe kwa vizibo vya plastiki, na kibati chenye namba na jina kifungwe kwa waya kwenye ganda lenyewe. Kifurushi kinachonuka petroli hukataliwa kama mzigo wa hatari.

Uamuzi: A inakwenda kwa fundi kwa ajili ya tundu la pini tu, nyingine zinafanywa hapa.

Kufungua A na B

Chini ya dayaframu kila pampu ya mkono ina tundu dogo la kuvujia. Halizibwi kamwe. Petroli ikidondoka hapo, dayaframu imetoboka. Oili ikidondoka, sili ya fimbo imekwisha. Likizibwa na tope au, vibaya zaidi, likazibwa makusudi “kuzuia kuvuja”, petroli inashuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kuipunguza oili uzito mpaka beringi zinaanza kugonga. Kijiti cha oili kinachonuka petroli, au kinachoonyesha kiwango kinapanda chenyewe, ni sababu tosha ya kuzima injini. Tundu la B lilikuwa limezibwa kwa gundi ya gasketi.

A inataka tahadhari ya pekee kwa sababu upande wa kuvuta hewa una springi nene iliyobanwa sana. Skrubu mbili zinazotazamana zinatolewa kwanza na nafasi zake zinachukuliwa na skrubu ndefu zenye nyuzi zile zile. Zilizobaki zinatolewa zote, kisha zile ndefu zinalegezwa kwa zamu mpaka springi iishiwe nguvu. Bila hivyo kifuniko kinaruka, na masikio ya zinki yanakatika.

Dayaframu ya kuvuta hewa ya A imechanika. Hitilafu hii hupoteza watu, kwa sababu gari linaendelea kupata petroli kama kawaida ila linatoa moshi wa bluu. Chumba hicho kimeunganishwa na manifoldi ya kuingizia (mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini), kwa hiyo kikichanika injini inanyonya mvuke wa oili kutoka kwenye bloku yake yenyewe. Ringi za pistoni zimewahi kubadilishwa kwa kosa la kipande hiki cha mpira.

Maganda yameoshwa kwa mafuta ya taa na brashi ya nailoni. Soda kali isiguse zinki wala alumini. Kupuliza kwa chembe za kioo kumekataliwa pia, maana chembe hubaki kwenye njia za ndani na siku moja hutokea chini ya vali.

Nyuso zimewekwa juu ya kioo kinene na kukaguliwa kwa fila geji (vibati vya kupimia mwanya). Flanji ya B inapitisha 0.15 mm katikati ya masikio mawili. Ndiyo alama ya kawaida ya bolti zilizokazwa kupita kiasi, masikio yanavutwa na katikati inabaki imeinuka. Imesawazishwa kwa msasa wa maji namba 240 kisha 400, umelazwa juu ya kioo, ganda likizungushwa kwa umbo la namba nane, mpaka rangi ya kalamu iliyopakwa iishe pote kwa pamoja. Uso wa dayaframu nao umepitishwa, kwa mikupuo michache tu. Ukila sana pale unabadilisha nafasi ya dayaframu.

Mkono wa A unacheza upande kwa upande juu ya pini. Mkono wa B uko sawa, ila uso wake unaopanda kemu una shimo la kung’aa ambalo ukucha unalihisi. Shimo la namna hii hupunguza mwendo wa dayaframu. Linajazwa kwa kuchomelea chuma kigumu, kisha linachongwa kwa jiwe kulifuata umbo la pembeni ambako hapajaliwa. Mkono usitiwe moto mpaka kwenye tundu la pini. Kitambaa chenye maji kinafungwa hapo wakati wa kuchomelea.

Mpira

Dayaframu za zamani zilikuwa kitambaa kilicholoweshwa mpira au vanishi kwa ajili ya petroli ya wakati wake. Ethanoli inalainisha vanishi, inavimbisha mpira wa zamani na kukausha gasketi za koki, yaani za gome la mti. Uingereza iliifanya E10, yenye ethanoli hadi asilimia 10, kuwa petroli ya kawaida Septemba 2021, na Marekani ilishaizoea miaka mingi kabla. Kwa hiyo hata kiti “mpya ya zamani”, iliyokaa kwenye boksi lake la kiwandani tangu pampu ilipotengenezwa, ina thamani ya makumbusho tu. Boksi zuri lisimdanganye mtu.

Kila mpira unaoingia kwenye mradi huu unajaribiwa kwanza. Kipande kinakatwa kwenye ukingo wa dayaframu ya ziada, unene unapimwa kwa maikromita, kinatumbukizwa kwenye chupa ya kioo yenye petroli ya E10, kinafunikwa na kuachwa siku kadhaa mahali penye baridi na mbali na moto. Kikitoka kinapimwa kabla hakijakauka. Kuvimba kidogo kunavumilika. Kikiwa laini kama gamu, kikiacha rangi kwenye petroli, au tabaka la mpira likiachana na kitambaa, dayaframu hiyo haifungwi. Kati ya aina mbili za dayaframu za B zilizopatikana, moja ilitia petroli rangi ya chai na imeondolewa.

Gasketi za koki zote zinabadilishwa kwa nitrili au Viton ya unene ule ule. Unene una maana. Gasketi ya kuba ikiwa nyembamba, skrubu ya juu inagusa mwisho kabla kioo hakijakaa, na pampu inavuta hewa huku ikionekana imekazwa.

Kufunga B

Vali zinatangulia. Zote mbili ni kitu kimoja kilichogeuzwa: ya kuingizia inafunguka kuelekea ndani, ya kutolea inafunguka kuelekea nje. Zikitazama upande mmoja pampu haitatoa tone, na hili ndilo kosa linalojitokeza zaidi kwenye pampu “zilizofufuliwa” zinazoletwa zikiwa zimekufa. Namna ya kuhakiki ni kupuliza kwa mdomo kupitia mpira safi kila upande kabla vali hazijafungwa kabisa. Kila moja inakubali upande mmoja tu. Zikishakaa chini, ukingo wa ganda unagongwa kwa ponchi sehemu sita kuizunguka vali, katikati ya alama za zamani, kwa nyundo nyepesi.

Sili ya fimbo inafuata, ikiwa na oili kidogo. Halafu springi. Hapa ndipo presha inapotoka. Mkono unavuta dayaframu chini tu, inayosukuma petroli kwenda kwenye kabureta ni springi. Kabureta ikijaa na sindano ya boya kufunga, dayaframu inabaki chini na mkono unapiga hewa. Kwa sababu hiyo kuivuta springi kwa koleo ili “iongeze nguvu” ni kubadilisha presha ya gari zima bila geji. B inatakiwa kutoa psi 1.5 hadi 2.5 (bar 0.10 hadi 0.17). Springi ya pampu ya Marekani ya psi 5 ingeingia vizuri tu, na ingeinua sindano ya boya mpaka petroli imwagike juu ya manifoldi ya moto.

Dayaframu inaingizwa fimbo ikiwa robo mzunguko nje ya mahali pake, inasukumwa chini dhidi ya springi mpaka mkato upite kwenye kiungo, kisha inazungushwa nyuzi 90 ili ishike. Inavutwa kwa vidole kuhakiki. Ikitoka, haikushika, na pampu ingefungwa ikiwa na fimbo inayoelea.

Kisha nusu ya juu inawekwa kwa kufuata mstari wa tupa, na skrubu zote zinaingizwa mpaka zigusane tu na washa. Hapo mkono unasukumwa hadi mwisho wa mwendo wake na kushikiliwa hapo hapo. Skrubu zinakazwa kwa kuvukana, ile na inayoitazama, kwa raundi tatu, mkono ukiwa bado umeshikiliwa. Kitambaa kinatakiwa kipate ulegevu wake wakati dayaframu iko chini kabisa. Ukikaza ikiwa imelala bapa, kila mwendo wa injini unakinyoosha kitambaa, mwendo unapungua, na kinapasuka kando ya kisahani. Ukikagua pembeni baada ya kukaza, kitambaa kilichojitokeza nje kiwe sawa pande zote. Kikiingia ndani upande mmoja, fungua uanze tena.

Majaribio mezani

Mafuta ya taa, kamwe si petroli. Mpira wa kuingizia umetumbukizwa kwenye ndoo, na pampu iko nusu mita juu yake.

Kidole kwenye tundu la kuingizia, mkono unasukumwa kisha unaachiwa: mvuto unabaki kwenye ngozi sekunde kadhaa. Ukipotea mara moja, vali ya kuingizia haikukaa. Geji kwenye tundu la kutolea, mikupuo michache: sindano inapanda na kusimama. Ikianguka ghafla, vali ya kutolea inarudisha. Mwishoni pampu inazamishwa yote kwenye mafuta ya taa huku ikiendeshwa kwa mkono na tundu la kutolea likiwa limezibwa. Mapovu kwenye ukingo yanaonyesha uso usio bapa au skrubu iliyosahaulika.

B: psi 2, imesimama. Hakuna mapovu.

C, ya umeme

Pointi zilikuwa zimeungua, lakini koili ilikuwa nzima. Nusu mbili zimeachanishwa na dayaframu ikafunguliwa kwa kuzungushwa kinyume na saa pamoja na fimbo yake. Kwenye aina yenye viroli vya shaba nyeupe kuna viroli 11 chini ya ukingo wa dayaframu, na vinadondoka mara tu inapoinuliwa, kwa hiyo kazi hii inafanyika juu ya trei. Kikipotea kimoja, ama kikirudishwa chini ya sahani badala ya kwenye mfereji wake, dayaframu inakwenda upande na pampu inakwama.

Kuseti: dayaframu inazungushwa ndani mpaka roka ya pointi (kiwiko kinachozifungua na kuzifunga) isipinduke tena inaposukumwa kwa kidole gumba. Kisha inalegezwa tundu moja la skrubu kwa wakati, ikisukumwa kila mara, mpaka roka ipinduke kwa shida. Inapangwa na tundu lililo karibu, halafu inalegezwa matundu manne zaidi, yaani theluthi mbili za mzunguko. Kwa roka ya aina ya baadaye kuna vipimo viwili vya fila geji: 0.9 mm kwa kuinuka kwa ulimi wa pointi, na 1.8 mm kati ya kidole cha roka na uso wa koili.

Vali zake ni vidude bapa vyenye kiulimi, kimoja kikitazama juu na kingine chini. Picha ilipigwa kabla ya kutolewa.

Pampu ya kawaida ya SU haijali upande wa ethi, yaani ncha ipi ya betri imeungwa kwenye bodi. Yenye dayodi ya kuzuia cheche inajali, na kuibadilisha nyaya ni kuichoma dayodi papo hapo.

Dalili zake husikika kwa masikio. Ikigonga haraka bila kukoma na kabureta kavu, inavuta hewa upande wa tangi. Ikigonga wakati injini imezimwa lakini swichi imewashwa, kuna kuvuja au vali hairudi. Yenye afya hukaa sekunde 15 au zaidi bila kugonga. Ikinyamaza kabisa huku umeme ukifika, pointi zimechafuka au dayaframu imekuwa ngumu, na wale wanaoipiga kwa mpini wa bisibisi ikaamka wanathibitisha tu kwamba pointi zimechoka.

Kufunga kwenye injini

B imefungwa injini ikizungushwa kwa mkono mpaka kemu iwe chini, mkono wa pampu ukigusa uso wa kemu kwa upande wake sahihi. Ukihisi unalazimika kuibana pampu kwa bolti ili ifike, mkono uko upande usio wake na utavunjika kwenye mkupuo wa kwanza. Kipande cha kuzuia joto kati ya pampu na bloku kimerudishwa kwa unene ule ule. Kikiongezwa, mwendo unapungua. Kikitolewa, dayaframu inavutwa kupita kiasi.

Mpira wa kuingizia ni wa daraja la SAE J30R9 (kiwango cha mabomba ya petroli), na chujio liko kabla ya pampu. Pampu ya ziada ya umeme haikuwekwa nyuma ya B, ingawa inashauriwa na wengi ili gari liwake haraka. Dayaframu ya mkono ikipasuka, pampu ya umeme itaendelea kusukuma petroli kupitia tundu la kuvujia, na ndani ya sampu, dereva asijue.

Hali sasa: B inafanya kazi na tundu lake la kuvujia ni kavu baada ya injini kupata moto. C imefungwa, inasubiri nyaya mpya za ethi. A: ganda limekwenda kwa ajili ya bushi ya pini. Dayaframu zake mbili zimeshapita jaribio la E10. Likirudi, kitakachopimwa kwanza ni ujazo, na kiwango kinachotajwa kwa pampu nyingi za Marekani ni painti moja (ml 473) ndani ya sekunde 30 injini ikiwa imetulia. Chumba cha kuvuta hewa kitapimwa peke yake kabla ya kuunganishwa na waipa.